Kuweka Upya Mipangilio ya Mtandao: Dawa Inayotolewa Kabla ya Vipimo

Jumapili moja, saa mbili usiku, mama mdogo alinipigia simu. Ni mwalimu wa sekondari mkoani Dodoma, na kishikwambi chake kilikuwa kimegoma tangu mchana. Nikamwamkia, akaitikia haraka haraka, kisha akasema: "Mwanangu, hivi wewe si unasoma mambo ya kompyuta?" Mimi nasoma takwimu, lakini kwenye ukoo wetu ukishafika shahada ya uzamili wewe ni fundi wa kila kitu chenye kioo.

Alitakiwa kuingiza alama za wanafunzi kabla ya Jumatatu saa sita mchana. Programu ya kuingizia alama ilimwambia maneno mawili tu: "Hakuna mtandao." Akaangalia video moja, akafuata maelekezo hatua kwa hatua, akaweka upya mipangilio ya mtandao, au kama tunavyosema mtaani, akariseti. Programu ikarudia maneno yale yale. Tofauti ni kwamba sasa kishikwambi kilikuwa kimesahau paswedi ya Wi-Fi ya shule, na mtu pekee aliyekuwa anaijua, mwalimu wa taaluma, alikuwa msibani kijijini ambako simu haishiki.

Huu ushauri wa kuriseti nimeusoma na kuusikia mara nyingi mno, na makala hii ni ya kuulalamikia. Sisemi ni uongo. Tatizo langu ni namna unavyotolewa: hatua ya kwanza, kwa kila mtu, kwa kila ugonjwa, bila kuuliza swali hata moja, na bila kusema unaondoa nini.

Tuanze na haki yake, maana unayo. Kishikwambi kinapounganishwa kwenye mitandao mingi kwa miaka kadhaa, hukusanya takataka. Kuna aliyewahi kuandika anwani ya IP kwa mkono ili apate mtandao wa ofisi fulani, akasahau kuirudisha. Kuna aliyeweka proksi, au VPN ambayo muda wake umeisha lakini bado inajaribu kujiwasha. Kwenye vishikwambi vya laini kuna APN, yaani lile jina la mlango ambao mtandao wa simu hupitishia data; mtu akibadilisha herufi moja, bando linabaki limejaa na intaneti haiji. Kuriseti hufagia mambo mengi ya aina hii kwa mkupuo, na APN hurudi kama ilivyokuwa. Kwa hiyo wapo wanaopona kweli.

Ila wapo pia wanaopona kwa sababu nyingine, wakaisifu dawa. Angalia kinachotokea mtu anaporiseti: Wi-Fi inazimika na kuwaka, paswedi inaandikwa upya, ruta inaombwa anwani upya, na mara nyingi dakika kumi zinapita. Kati ya hayo, lipi limeponya? Ukitazama maelekezo mengi utakuta kabla ya hapo mtu ameambiwa pia azime ruta, awashe hali ya ndegeni na kuizima, na asasishe programu. Mtu anayefanya mambo matano kwa pamoja halafu akapona hajui chochote kuhusu ugonjwa wake. Ukileta jaribio la namna hiyo kwa msimamizi wa tasnifu atakurudishia na kalamu nyekundu. Na waliopona ndio wanaotoa ushuhuda. Ambao hawakupona wameenda kwa fundi.

Gharama ya dawa haitajwi. Kwenye iPad, kuweka upya mipangilio ya mtandao hufuta mitandao yote ya Wi-Fi na paswedi zake, mipangilio ya mtandao wa simu, na VPN ulizojiwekea. Kwenye Android hufuta Wi-Fi, na kulingana na toleo huweza pia kufuta vifaa vya Bluetooth ulivyoviunganisha, kama kibodi. Picha na mafaili hayaguswi, na hili watoa ushauri hulisema kwa sauti kubwa ili usiogope. Wasichosema ni kwamba ukurasa wenye kitufe hicho ndio huo huo wenye kitufe cha kufuta kila kitu, mistari michache tu chini yake. Mwalimu mwenzake mama mdogo, muhula uliotangulia, akiwa na haraka na mwanga mdogo, alibonyeza hicho cha chini. Alama za mikondo miwili, ambazo zilikuwa bado hazijatumwa, zikaondoka. Akakaa wiki nzima akisahihisha upya zile karatasi alizoweza kuzikusanya kutoka kwa wanafunzi. Ushauri unaompeleka mtu mpaka mlangoni hapo ulipaswa angalau umwambie kuna shimo.

Sasa turudi Dodoma. Nilimwuliza mama swali ambalo ile video haikuuliza: je, simu yako inapata intaneti? Akasema inapata, WhatsApp inafanya kazi. Nikamwomba akate simu, awashe hotspoti kwenye simu yake, akiunganishe kishikwambi hapo, kisha anipigie. Baada ya dakika chache: "Kimeunganishwa, mwanangu, lakini bado hakuna mtandao."

Hilo jibu moja lina thamani kuliko hatua zote tano. Kama kishikwambi kinagoma kwenye Wi-Fi ya shule na kukubali kwenye hotspoti, kosa liko kwenye ruta ya shule au kwa anayewauzia intaneti, na hata ukiriseti kishikwambi mara saba ruta haitasikia. Kinapogoma kwenye mitandao yote miwili wakati simu inafanya kazi, kosa liko kwenye kishikwambi chenyewe. Kifaa kimoja mitandao miwili, mtandao mmoja vifaa viwili: huhitaji shahada kufanya hivyo. Tahadhari moja ndogo kwa wanaojaribu nyumbani: vishikwambi vingi vya bei nafuu vina redio ya gigahezi 2.4 tu, na baadhi ya simu hurusha hotspoti kwenye gigahezi 5. Hapo kishikwambi hakitaiona hotspoti kabisa, na si kwamba kimekufa. Badilisha mkondo kwenye setingi za hotspoti ya simu.

Nikamwambia aache ile programu ya alama, afungue Chrome, aandike anwani ya tovuti yoyote. Akanisomea kilichotokea kwenye kioo: kivinjari kilikuwa kinamwambia saa yake iko mbele.

Kishikwambi kilikuwa kinaishi miaka miwili mbele yetu. Mdogo wangu, mwanawe wa darasa la nne, ana mchezo unaompa "maisha" machache kwa siku, na shuleni wamefundishana kwamba ukizima tarehe ya kujipanga yenyewe na kuisogeza mbele, maisha yanajaa. Alisogeza, akacheza, akasahau kurudisha.

Kwa nini tarehe iue intaneti? Kwa sababu karibu kila tovuti na programu siku hizi huzungumza kwa njia iliyofungwa kwa siri, na kabla ya kuzungumza hutoa cheti kinachothibitisha kuwa ndiyo yenyewe. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Tangu Septemba 2020 vivinjari vikubwa havikubali cheti kipya cha tovuti chenye muda unaozidi siku 398, na vingi hutolewa kwa siku 90 tu. Kishikwambi kikiamini kwamba tuko miaka miwili mbele, kwa macho yake dunia nzima imeisha muda. Kinakataa, na kiko sahihi kukataa, kwa maana hakiwezi kutofautisha saa mbovu na mwizi anayetumia cheti cha zamani. Chrome ilieleza hayo kwa lugha ya mtu. Programu ya alama ilipata kosa lile lile ikaamua kuliita "Hakuna mtandao", na hapa lawama zangu zinahama kutoka kwa watoa ushauri kwenda kwa watengeneza programu. Ukimwambia mwalimu hakuna mtandao wakati mtandao upo, unamtuma mwenyewe kwenye kitufe cha kuriseti.

Tukaiwasha tarehe ya kujipanga yenyewe. Ikachukua nusu dakika.

Kuna ndugu wa ugonjwa huu ambaye ni mbaya zaidi, na vishikwambi vya zamani vilivyorithiwa kutoka kwa kaka na dada vinaumwa sana. Ili cheti cha tovuti kiaminike, ni lazima kitiwe saini na cheti mama kilichomo tayari ndani ya kifaa. Tovuti nyingi sana duniani hutumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt, ambavyo mama yao anaitwa ISRG Root X1. Matoleo ya Android ya kabla ya 7.1.1 hayamjui mama huyo. Kwa miaka michache yalibebwa na mpango wa muda uliopitia cheti mama kingine cha zamani, na mpango huo ukafika mwisho Septemba 2024. Mwenye kishikwambi cha aina hiyo anaona Wi-Fi imejaa na baadhi ya tovuti zinafunguka vizuri, nyingine zinakataa. Ukimwambia aweke upya mipangilio ya mtandao unamchezea akili. Kinachoweza kumsaidia ni kivinjari kinachobeba orodha yake yenyewe ya vyeti mama, kama Firefox, iwapo bado kuna toleo linalokubali kuingia kwenye kifaa chake.

Na kuna mahali ambapo kuriseti huongeza tatizo. Waliokaa hosteli watanielewa. Ruta hugawa anwani kama mhudumu wa gesti anavyogawa funguo: kila kifaa kinachoingia hupewa namba kwa muda maalumu, mara nyingi saa 24, na hata kikiondoka mapema ufunguo hubaki kwenye jina lake mpaka muda uishe. Ruta ya kawaida ya nyumbani ina nafasi zisizozidi 254, na nyingi zimepangwa kugawa pungufu ya hapo. Weka hosteli yenye wanafunzi 120, kila mmoja na simu, kompyuta na kishikwambi, na funguo zinaisha kabla ya saa tatu usiku. Ukiwa na iPad angalia anwani yake ya IP: ikianza na 169.254, maana yake iliomba ufunguo, haikujibiwa, ikajipa namba yenyewe isiyoweza kuifikisha popote nje.

Sasa, ruta humtambua mgeni kwa utambulisho wa redio yake, na iPad za miaka ya karibuni hutumia utambulisho wa kificho ambao hubadilika ukiweka upya mipangilio ya mtandao. Yaani unarudi mapokezi kama mgeni mpya kabisa, unaomba chumba cha pili wakati cha kwanza bado kimeandikwa kwa jina lako. Wanafunzi 30 wakiriseti usiku mmoja kwa ushauri wa video moja, gesti inajaa wageni hewa. Na kama chuo kinaruhusu vifaa vilivyosajiliwa tu kwa utambulisho huo, umejifungia nje mwenyewe, kamwone ofisa wa TEHAMA Jumatatu.

Nimeshaambiwa kwamba nadai mengi, kwamba mtu wa kawaida hana muda wa kupima, anataka abonyeze ipone. Sikubali. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu nchi nzima, na kabla ya hapo makarani wa sensa, wengi wao vijana wasiojua neno moja la mitandao, walivitumia vijijini na kazi ikaisha. Watu wanaweza kujibu swali la ndiyo au hapana. Ushauri mzuri ungekuwa na maswali mafupi kabla ya kitufe: kifaa kingine kinapata kwenye Wi-Fi hii? Hiki kinapata kwenye mtandao mwingine? Tarehe ni ya leo? Bando lipo? Kuna VPN iliyowashwa? Kwa wenye Android 9 na kuendelea, kuna mtu aliweka DNS ya faragha ili kuzuia matangazo? Huyo wa mwisho nimekutana naye mara mbili bwenini: mtoa huduma wa DNS hiyo akizima mitambo yake, intaneti inapotea kwenye Wi-Fi zote na kwenye bando pia, na mwenye kifaa anaapa hajagusa kitu, kwa sababu aligusa mwaka juzi.

Ikishindikana yote, riseti. Lakini kwanza chukua paswedi zako. Android 10 na kuendelea hukuonyesha msimbo wa QR wa Wi-Fi uliyounganishwa, unaweza kuupiga picha kwa simu nyingine. iPad yenye iPadOS 16 au zaidi hukuonyesha paswedi yenyewe kwenye setingi za Wi-Fi. Sijaona ushauri mmoja wa kuriseti uliotaja hili kabla ya kitufe, na ni sentensi moja tu.

Alama ziliingia Jumapili hiyo hiyo kabla ya saa nne usiku, kwa bando la mama mwenyewe. Paswedi ya shule ilipatikana Jumatano mwalimu wa taaluma aliporudi, na sasa imeandikwa nyuma ya daftari la maandalio ya masomo. Mdogo wangu ananidai maisha 12.