Njaa Katika Nchi ya Mavuno

Hadithi ya John Steinbeck iitwayo The Grapes of Wrath, iliyotoka mwaka 1939, husifiwa aghalabu kwa huruma yake. Sifa hiyo ni haki, walakini ni pungufu. Watungaji wenye huruma ni wengi. Wawezao kuonyesha jinsi umaskini unavyotengenezwa ni wachache, na Steinbeck ni mmoja wao.

Jamaa ya akina Joad yatoka karibu na Sallisaw, katika jimbo la Oklahoma, baada ya kuondolewa katika shamba walilolima. Wasomaji wengi hudhani kuwa kilichowafukuza ni vumbi. Sallisaw iko mashariki ya jimbo, mbali na nyanda zilizoharibiwa sana na tufani za vumbi, na hapo mtungaji astahili kusahihishwa. Lakini lawama kubwa ya kitabu haimwendei upepo. Yaiendea benki, deni na trekta. Mpangaji mmoja, hali nyumba yake yataka kubomolewa, auliza ampige nani risasi. Dereva wa trekta ni mtoto wa jirani. Nyuma yake iko benki. Na benki nayo hupokea amri kutoka mbali. Adui hana uso. Sijaona maelezo bora kuliko haya ya mambo yaliyowapata wakulima wa Marekani katika miaka iliyofuata anguko la mwaka 1929.

Huko California hila ni nyingine. Anayehitaji vibarua 800 huchapa matangazo 5,000, nayo husomwa na watu 20,000. Wenye njaa wakiwa wengi, ujira hushuka wenyewe. Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji alipona kweli, kwa jasho la mgeni. Tena sheria ya mwaka 1935, iliyolinda haki ya wafanyakazi kuunda vyama, haikuwagusa vibarua wa mashamba.

Nina shutuma moja, wala si ndogo. Kabla ya watu wa Oklahoma, mashamba hayo yalivunwa na Wachina, Wajapani, Wamexico na Wafilipino. Kitabu kinawataja kwa kupita tu. Steinbeck aliwajua, kwa kuwa aliandika habari zao katika makala zake za gazeti la San Francisco News mwaka 1936. Katika miaka hiyo ya 1930 Wamexico wengi, pamoja na watoto waliozaliwa Marekani, waliondoshwa nchini. Yamkini mtungaji alitaka msomaji Mzungu aone mateso ya watu wa damu yake, apate kushtuka. Alifaulu, lakini huruma inayohitaji rangi ili iamke ni huruma nusu, na kitabu kiliilisha nusu hiyo badala ya kuikamilisha.

Hata hivyo kitabu kiliuma palipostahili. Mwezi wa Agosti 1939 wakuu wa wilaya ya Kern, California, walikikataza katika maktaba na shule zao.

Mwisho wake, mama aliyezaa mtoto mfu ampa mtu mgeni afaye njaa maziwa yake, umeitwa aibu na baadhi ya wahakiki. Mimi nauona kuwa wa haki. Katika nchi iliyojaa matunda, chakula pekee kilichotolewa bila bei kilitoka kwa asiye na kitu.