Ufunguo wa Mwajiri

Mwaka 1991 Phil Zimmermann wa Marekani alitoa bure PGP, programu ya kufumba barua pepe, ili aifungue mwandikiwa peke yake. Mwaka 1997 kampuni yake iliwauzia wenye biashara toleo la 5.5, ambalo mwajiri aliweza kuliongezea ufunguo wake. Hoja yao naielewa: mfanyakazi akifariki, mambo ya ofisi yasifungiwe milele. Nami nilipokuwa mkuu wa shule nilikuwa na funguo za akiba za kila kabati. Lakini barua si kabati! Ina mwandishi wake, pengine mtu wa nje asiyeajiriwa hapo wala kutia sahihi popote, na siri yake ndiyo inayosomwa. Ufunguo wa akiba ungetosha kwa mafaili yaliyohifadhiwa, bila kuigusa barua iliyo njiani.