Ukuta Uliopinda Uchorwe Ulivyopinda

Fundi wa modeli za majengo ya kale habuni kitu. Huuchora ukuta jinsi ulivyo: ufa wake, mwinamo wake, chokaa iliyobanduka. Ndiyo maana naihesabu kazi yake miongoni mwa fani za uaminifu.

Tazama Kilwa Kisiwani, mji alioufikia Ibn Battuta mwaka 1331. Magofu yake na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kati ya 2004 na 2014 yalikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, chini ya Profesa Heinz Rüther, uliyapima kwa skana za leza. Skana hutuma miale, ikapima umbali wa kila mahali mwale ulipogonga, hata zikapatikana nukta mamilioni. Kwa kuwa haioni nyuma ya nguzo, fundi huihamisha tena na tena, kisha huoanisha vipimo vyote kuwa jengo moja la pande tatu.

Kisha huja mtihani wa ustadi. Programu za kuchorea zimezoea kona za nyuzi 90, na kuta za matumbawe hazina kona hizo. Fundi akizinyoosha ili mchoro upendeze, amefuta ushahidi, kwani mwinamo ndio unaomwonyesha mhandisi mahali ukuta unapoelemewa.

Faida ya vipimo hivyo huonekana jengo linapobomoka. Jumba la Beit al-Ajaib la Unguja, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilianguka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Modeli haishikilii paa. Lakini jengo likianguka, vipimo vya kweli humpa mwashi pa kuanzia. Bila hivyo atajenga kwa kukisia.

Nasi wa kata ya Ramadhani, Njombe, tusidhani urithi uko pwani tu. Tunayo majengo ya misheni ya Kidugala, na stesheni ya Makambako kwenye reli ya TAZARA iliyofunguliwa mwaka 1976. Asiye na skana ana simu: apige picha zinazopishana kwa zaidi ya nusu, azunguke jengo lote, apime urefu wa ukuta mmoja kwa futi kamba. Programu za fotogrametria, yaani za kupima kwa picha, zitaunda modeli kutokana na picha hizo.

Vijana wa vyuo vya ufundi, chagueni jengo moja la zamani mwaka huu. Ombeni ruhusa, lipimeni, na nakala mwachieni mwenye jengo.