Ufundi wa Kuacha Kuchimba

Dave Crisp alikuwa mpishi wa hospitali. Siku zake za mapumziko alizimalizia mashambani kusini-magharibi mwa Uingereza, detekta ya metali mkononi na vipokea sauti masikioni. Aprili 2010, katika shamba moja karibu na mji wa Frome, detekta yake ilitoa mlio ambao hakuuelewa. Akachimba. Udongo ulikuwa wa mfinyanzi, mzito, na ndani yake akatoa sarafu ndogo ya Kirumi, kisha nyingine. Kwenye kina cha kama sentimita 35 akakutana na kigae cha chungu, na chini ya kigae kile kulikuwa na sarafu nyingi kuliko alizowahi kuziona maishani. Akarudisha udongo, akaliziba shimo, akaenda kutoa taarifa.

Kitendo hicho cha kuziba shimo ndicho kinachonifanya niuheshimu ufundi huu. Watu wengi wakisikia habari za detekta huwaza bahati: mtu anatembea, kengele inalia, ametajirika. Bahati ipo, lakini haitoshi. Fundi anajulikana kwa namna anavyousogeza mkono wake, na anajulikana zaidi kwa pale anapouzuia.

Tuanze na mkono unaosogea. Detekta ni ndugu wa kile kifaa ambacho mlinzi wa benki hukupitishia kiunoni. Ndani ya sahani iliyo mwisho wa fimbo umezungushwa waya, na umeme unaopita kwenye waya huo huzaa uga wa sumaku unaobadilikabadilika. Uga ukigusa metali iliyofukiwa, metali nayo hupata mkondo wake mdogo wa umeme na kuzaa uga wake. Detekta husikia jibu hilo na kuligeuza kuwa mlio. Katika vita vya pili vya dunia, mhandisi wa Kipoland Józef Kosacki aliunda kifaa cha namna hiyo cha kutafutia mabomu ya ardhini, na majeshi ya Uingereza yakakitumia El Alamein mwaka 1942. Vita vilipokwisha, raia nao wakaanza kutafuta.

Sahani lazima ipite chini kabisa karibu na ardhi, bila kuinama. Anayeanza huiinua kila afikapo mwisho wa mzunguko wa mkono, na pale anapoiinua ndipo anapopoteza vitu. Fundi huipeleka taratibu, kila mpito ukifunika sehemu ya mpito uliotangulia, saa nzima, saa tatu, bega lisichoke. Wakati huohuo anasikiliza. Msumari wa chuma una mlio mzito uliokatikakatika. Fedha hulia juu, safi. Dhahabu ndiyo yenye taabu, kwa sababu pete ndogo ya dhahabu hutoa mlio ule ule wa kipande cha foili, au wa kile kipini cha kufungulia kopo la soda. Anayetaka dhahabu hana budi kukubali kuchimba takataka, na kila shimo la takataka kulichimba kwa adabu ile ile: kukata bamba la majani upande mmoja likibaki limeshika, kutoa udongo, kurudisha udongo, kulaza majani juu yake, kukanyaga. Mwenye shamba akipita kesho asijue kulikuwa na mtu.

Sasa mkono unaozuiwa. Kule Frome wanaakiolojia walikuja, wakamwita Crisp afanye kazi pamoja nao. Chini ya udongo ule palikuwa na mtungi wa kimo cha sentimita 60, umepasuka hapo hapo ulipozikwa, mdomo wake umefunikwa na bakuli. Ndani mlikuwa na sarafu 52,503, uzito wake kilo 160. Mwanaakiolojia aliyeongoza kazi, Alan Graham, hakuzimwaga. Alizitoa tabaka kwa tabaka, kila tabaka na mfuko wake wenye alama. Uamuzi huo ulileta jibu ambalo wingi wa sarafu peke yake usingelileta. Kati ya sarafu zile zaidi ya 700 ni za Carausius, kamanda wa jeshi la majini aliyejitangaza mtawala wa Uingereza na kutawala kuanzia 286 hadi 293. Hizo ni miongoni mwa sarafu za mwisho mwisho kutengenezwa, na nyingi zilikutwa chini mtungini, zikiwa zimefunikwa na sarafu kongwe kuliko zenyewe. Mtu anayeweka akiba kidogo kidogo huacha mpya juu. Kwa hiyo mtungi ule ulijazwa kwa mkupuo mmoja. Tena kuta zake zilikuwa nyembamba mno, usingeweza kubebwa ukiwa umejaa, basi uliwekwa shimoni kwanza ndipo sarafu zikamiminwa. Baadhi ya watafiti wanaona kwamba huenda haikuwa akiba iliyofichwa na mwenye hofu, bali sadaka, mali iliyotolewa na watu wengi pasipo nia ya kuichukua tena. Hoja hiyo yote imesimama juu ya mpangilio wa sarafu mtungini. Kama Crisp angeendelea kuchota kwa mikono siku ile, tungebaki na rundo.

Hakuwa wa kwanza kujizuia. Tarehe 16 Novemba 1992, huko Hoxne katika jimbo la Suffolk, Eric Lawes, mtunza bustani mstaafu, alikuwa akimtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea shambani. Alitoa vijiko vya fedha, vito vya dhahabu na sarafu, akajaza mifuko, kisha akaona kwamba jambo hili limemzidi. Akasimama, akapeleka habari. Kesho yake wanaakiolojia walichimba kwa siku moja na kuinua udongo kwa mabonge ili ukachambuliwe maabara. Ndiyo sababu tunajua kwamba palikuwa na sanduku la mwaloni, kwamba ndani yake mlikuwa na visanduku vyenye vikufuli vidogo vya fedha, na kwamba mabakuli yalitenganishwa kwa nyasi kavu yasikwaruzane. Mtu aliyepanga vile hakuwa mwizi mwenye haraka.

Miongoni mwa vitu vya Hoxne, nilichokipenda kuliko sarafu zote 14,865 ni chombo cha pilipili manga. Ni sanamu ya fedha ya mwanamke kuanzia kiunoni, iliyopakwa dhahabu sehemu sehemu, kimo chake kama kiganja, nywele zimesukwa kwa ustadi, mkononi ameshika hati. Chini yake pana kisahani kinachozunguka: ukikizungusha hivi kinafunga, ukikizungusha vile kinaacha nafasi ya kujazia, ukiendelea vinajitokeza vitundu vya kunyunyizia. Pilipili yenyewe ilisafirishwa kutoka India, ikavuka bahari na jangwa mpaka kwenye meza ya tajiri huko Suffolk. Chombo hicho kipo British Museum. Nyundo nayo ilipatikana, nayo ipo huko huko.

Si kila kilichopatikana kimetendewa hivyo. Mwezi Mei 2010, huko Crosby Garrett kaskazini mwa Uingereza, ilipatikana kofia ya Kirumi ya shaba nyeusi yenye barakoa ya uso wa kijana, imevunjika vipande vingi. Sheria ya hazina ya mwaka 1996 ililinda hasa dhahabu na fedha, na kofia ile haikuwa hazina mbele ya sheria. Iliunganishwa na fundi wa binafsi kabla wanaakiolojia hawajapata nafasi ya kuvichunguza vipande kama vilivyotoka ardhini. Oktoba mwaka huohuo ikapigwa mnada kwa takriban paundi milioni 2.3. Jumba la makumbusho la Tullie House, Carlisle, lilichangisha fedha kwa nguvu zote na likashindwa. Aliyevunja sheria hakuna, ila mimi bado inaniuma. Sarafu za Frome, kwa upande wao, zilithaminiwa paundi 320,250, sehemu ndogo tu ya bei ya kofia ile, zikanunuliwa kwa ajili ya makumbusho ya Somerset, na leo mtoto wa shule anaweza kuziona mjini Taunton. Mwaka 2023 sheria ilipanuliwa iguse pia vitu vyenye metali vilivyozidi miaka 200 na vyenye umuhimu wa pekee kwa historia, hata kama havina chembe ya dhahabu wala fedha.