Mkono Usiokaza: Kuchagua Gripu na Kukata Ubavu wa Mlima

Ukitaka kumpima dereva wa pikipiki ya theluji, tazama alama aliyoiacha nyuma. Katika milima ya Revelstoke, British Columbia, nchini Kanada, theluji mpya ikishaanguka utaona ubavuni mwa mlima mfereji mmoja uliovuka mteremko kwa usawa, kama uliopigwa rula. Hiyo ni kazi ya fundi. Ukikuta theluji imevurugwa na michirizi inaelekea bondeni, ujue hapo chombo kililala bapa kikaburuzika.

Kukata ubavu wa mlima ni kuvuka mteremko huku chombo kimeinamia upande wa juu. Ukingo wa mkanda wa raba huchimba njia yake, skii ya juu ikazama thelujini, ya chini ikaning'inia hewani. Kwa kuwa mashine ina uzito wa kilo 200 hivi, wengi hudhani ni kazi ya misuli. Sivyo. Kinachoishikilia ni uzito wa mwili wako, kipimo cha mafuta na mwelekeo wa skii. Mikono huongoza tu. Kwa hiyo gripu bora, yaani kishikio cha raba cha usukani, ni ile inayokuruhusu kulegeza mkono, na kila kipimo kinachofuata kinatokana na hilo.

Anza na unene. Vaa glavu zako za mlimani, kisha shika. Ncha za vidole zikibaki mbali na kiganja, gripu hiyo ni nene kwako: utalazimika kukaza, na kabla ya adhuhuri misuli ya mkono itakuwa imevimba. Halafu ibonyeze raba kwa ukucha. Inatakiwa ibonyee kisha irudi. Iliyo ngumu huteleza ikilowa. Iliyo laini kupita kiasi hulika upesi.

Kagua pia ukingo wa ndani, ule ulio karibu na wenzo wa mafuta. Kwenye chombo hiki mafuta hutolewa kwa kusukuma wenzo kwa dole gumba la kulia, kwa hiyo ukingo mpana unaokizuia kidole ni kasoro, hata kama gripu inapendeza machoni.

Usinunue jozi ya gripu za pikipiki ya barabarani bila kupima tundu. Ile ya kulia hutengenezwa ivikwe juu ya bomba la mafuta linalozunguka, na hivyo tundu lake ni kubwa kuliko la kushoto. Usukani wa pikipiki ya theluji una kipenyo cha milimita 22 hivi pande zote mbili. Gripu inayozunguka mkononi huku bonde likiwa chini yako ni hatari tupu. Na unapoivua ya zamani, weka kisu mbali: chini yake mara nyingi mna nyaya nyembamba za kupasha joto. Ipulizie hewa ya kompresa, itatoka yenyewe.

Sasa ipeleke mlimani. Tuseme mlima uko kushoto kwako. Simama kwenye kikanyagio cha kushoto. Madereva wengi huweka hapo mguu wa kulia na kuuacha wa kushoto huru thelujini. Elekeza skii bondeni kidogo, ongeza mafuta, na papo hapo kivute chombo kwako. Kikishasimama kwa ukingo wake, kazi inabaki kwa dole gumba. Ukiachia mafuta, kitalala. Ukizidisha, mkanda utazunguka bure, mkia uteleze chini na pua ipande juu. Hapa mkono wa kulia umenyooka kuvuka chombo kizima, na ndipo gripu nyembamba inapoonyesha thamani yake.

Mlima ukiwa kulia, mambo hugeuka. Mkono wa mafuta ndio ulio karibu na theluji, na anayening'inia kwa mkono huo hujikuta akisukuma wenzo bila kukusudia. Dawa yake ni kamba ya kushikia iliyo katikati ya usukani: ishike kwa mkono wa kushoto, ibebe uzito, na dole gumba libaki huru. Ndiyo maana gripu haipimwi kwa upande mmoja tu.

Jifunze kwenye mteremko mfupi, usio na miti chini yake. Maporomoko mengi ya theluji hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, kwa hiyo soma kwanza taarifa ya maporomoko ya shirika la Avalanche Canada, na usiende bila mwenzako, kifaa cha mawimbi cha kutafutia waliofukiwa, fimbo ya kuchomea theluji na koleo.

Jioni, vua glavu utazame viganja vyako. Vikiwa na malengelenge, ama gripu haikufai ama bado unakaza. Vikiwa salama, na nyuma yako kuna mfereji mmoja tu, umeshajua kuchagua na umeshajua kuendesha.