Heko kwa Lenzi Nne za Los Alamos

Wanaastronomia wengi hujivunia ukubwa wa vioo vya darubini zao. Kundi la ROTSE, likiongozwa na Carl Akerlof wa Chuo Kikuu cha Michigan, lilifunga lenzi nne za kamera, za Canon, kwenye mtambo mmoja huko Los Alamos, Marekani, likauunganisha na kompyuta, likasubiri.

Walichokisubiri ni milipuko ya miali ya gama, ambayo mingi huisha ndani ya dakika moja au mbili. Februari 1997, huko La Palma, mwanga wa kawaida unaobaki baada ya mlipuko wa aina hiyo ulinaswa kwa mara ya kwanza. Kazi kubwa ile, na sifa zake inastahili. Lakini saa 20 na ushei zilikuwa zimeshapita.

Tarehe 23 Januari 1999 setilaiti ya Compton ikatoa taarifa. Hakuna mtu aliyegusa kitufe. Mtambo uligeuka wenyewe, na sekunde 22 tu tangu mlipuko uanze ukawa unapiga picha ya kwanza. Katika picha ya pili, sekunde 25 baadaye, nukta ya mwanga wa mlipuko huo ilikuwa imeongezeka mng'ao zaidi ya mara 10, kiasi kwamba mtu mwenye darubini ya mkononi angeweza kuiona. Na mwanga huo ulikuwa umesafiri zaidi ya miaka bilioni 9!

Nawapongeza kwa dhati. Wao ndio wa kwanza kuuona mwanga wa mlipuko wa gama wakati mlipuko wenyewe ungali ukiendelea.