Uhakiki: Picha Zimebaki au Zimetoka? Lugha ya Maelekezo ya Kompyuta

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mijadala yetu kuhusu istilahi za kompyuta, hata hivyo, mara nyingi huishia kwenye jina moja moja: tarakilishi au ngamizi, kipanya au puku. Makala haya yanahakiki jambo jingine, yaani lugha ya maelekezo, ambayo humwongoza msomaji kutenda. Mfano wetu ni zoezi la wanafunzi wa kozi ya tafsiri waliotafsiri maelekezo ya gphoto2.

gphoto2 ni programu huria ya kuchukua picha kutoka kamera ya dijitali na kuziweka kwenye kompyuta ya Linux. Haina vitufe vya kubofya. Mtumiaji huandika amri. Kwenye Ubuntu, jina ambalo msemaji wa Luganda hulitambua mara moja, husakinishwa hivi:

sudo apt-get install gphoto2

Kisha kamera huunganishwa kwa waya wa USB, na amri ifuatayo huonyesha kama imetambuliwa:

gphoto2 --auto-detect

Kosa la kwanza lilikuwa kutafsiri amri zenyewe. Aliyeandika --orodhesha-faili badala ya --list-files alitunga Kiswahili safi ambacho kompyuta haikielewi. Amri huachwa ilivyo, pamoja na vistari vyake viwili. Kinachotafsiriwa ni maelezo yake.

Kosa la pili ni zito zaidi, kwa sababu sarufi yake haina dosari. Karibu wote walieleza amri --get-all-files kwa kitenzi "pakua". Tafsiri hizo tuliwapa vijana wawili wa Bugolobi waliojifunza Kiswahili shuleni. Mmoja akauliza: "Mwalimu, nikishapakua, picha zimebaki kwenye kamera au zimetoka?" Swali lake ni la haki. Chakula kikipakuliwa hutoka chunguni, na mzigo ukipakuliwa hutoka garini. Lakini amri hii haiondoi kitu. Picha hubaki kwenye kamera na nakala huja kwenye kompyuta. Hapa "nakili" ni bora kuliko "pakua", hata kama "pakua" imezoeleka kwenye intaneti.

Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Kwa ufupi, -P hunakili faili zote, na -D huzifuta zote kwenye kamera. Maelezo yasiyosema wazi "futa kutoka kwenye kamera" yanaweza kumpotezea mtu picha za harusi ya dada yake.

Mfano wa tatu ni ujumbe wa kosa unaotumia neno la Kiingereza "claim". Wanafunzi waliandika kwamba programu "haikuweza kudai kifaa". Kumbe kinachotokea ni kwamba programu nyingine ya kompyuta imeitangulia kuishika kamera. Anayesoma "kudai" hapati la kufanya. Anayesoma "kamera imeshikwa na programu nyingine" anajua kwamba inapaswa kuachiwa kwanza.

Hatusemi istilahi mpya zitupwe. "Sakinisha" inafaa kuliko "weka", maana programu haiwekwi kama kikombe mezani. Lakini istilahi ni mgeni, na mgeni hutambulishwa: ielezwe mara moja inapotokea kwanza, kisha itumike vivyo hivyo hadi mwisho.

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Maelekezo ya namna hii yatahitajika kwa wingi, na atakayeyaandika ni mwanafunzi wetu. Basi walimu wenzangu, tusisahihishe tafsiri za maelekezo kwa kalamu nyekundu peke yake. Tumpe mtu mwingine azifuate hatua kwa hatua, nasi tukae kimya tumtazame. Pale atakapokwama, au atakapofuta asichokusudia, ndipo palipo na kosa.